Chumba Kilipopata Nafasi, René Alirudi Kuchora

Jua limeshachomoza, na René anafagia chumba chake cha mbele mtaani Tshopo, Kisangani, kabla ya kufungua kopo la rangi. Anasogeza benchi ukutani, anafuta meza. Ndipo anaketi mbele ya bango la saluni na kuanza kuchora mwanamke mwenye misuko iliyosimama kama miale.

Mwaka jana mchora mabango huyu, mzaliwa wa Yanonge, hakuweza kumaliza hata jina.

Mwezi wa sita mwaka huo wa 2000, majeshi ya kigeni yalipopigana mjini, majirani waliokimbia walimwachia vitu vyao: magodoro, masufuria, hata mlango uliong'olewa. Hakumkatalia mtu. Kisha kombora likaangukia karakana yake, likamuua rafiki na mwenzake wa kazi, Jephté. René alikusanya makopo, brashi na mabango ambayo Jephté hakuyamaliza, akavirundika nyumbani juu ya vitu vya majirani.

Mapigano yalipokwisha, kazi zilirejea. Mkono ulikubali, kichwa kikakataa. Zahanati moja ilimpa bango. Akaruka herufi, akafuta, akaruka tena. Akalirudisha na kuwaambia watu kwamba ameacha kazi.

"Kichwa yangu ilikuwa sawa ile nyumba," anasema. "Kila fasi nilitaka kupita, nilikuta kitu ya mutu."

Aliyemwokoa ni dada yake mdogo, Rosine, muuza samaki wakavu wa Isangi. Alifika siku mitumbwi midogo iliporuhusiwa kupita mtoni, akakuta hapana hata pa kutandika mkeka. Hakumhubiria. Alifungua madirisha, akauliza godoro hili la nani, sufuria ile ya nani, akatuma watu wawaite wenyewe, ambao walikuwa wamesharudi mjini. Majirani walikuja wakishukuru. Mmoja aliacha mkungu wa ndizi mlangoni. Sakafu ikaanza kuonekana.

Vikabaki vitu vya Jephté. René alisema visiguswe.

"Yaya, hii vitu iko na mwenyewe," Rosine alimwambia kaka yake. "Émilie iko muzima. Tumupelekee."

Émilie, mjane wa Jephté, alikuwa amehamia Lubunga, ng'ambo ya mto. René alikuwa hajaenda kumwona tangu mazishi. Aliona haya kwamba yeye alipona. Ndugu hao wawili wakavuka na mzigo. Émilie alipokea mabango moja moja, akayapangusa kwa kitenge chake. Akalia, René naye akalia. Kisha mjane akamrudishia René brashi pana ya mumewe.

"Mimi sijue kupaka rangi," alisema. "Wewe utumike nayo kazi."

Asubuhi iliyofuata René alitazama chumba kilichobaki wazi, na picha ikamjia kabla hajagusa rangi: mama aliyebeba mtoto mgongoni, amegeuza shingo kumtazama anayepita. Akaenda zahanati kuliomba tena lile bango. Leo linaning'inia pale, na wateja humfuata wakitaka "sura kama ile."

"Namushukuru Mungu, namushukuru Rosine, namushukuru Émilie," anasema. "Walinipa fasi ya kufikiri."

Vita havijaisha. Meli kutoka Kinshasa bado hazipandi mto, na rangi ni adimu. René hana haraka.

"Siku mto itafunguka, bon, ile meli yote itafika na kutu," anasema akitabasamu. "Itaomba niipake rangi na majina mupya. Nimeisha kuanza kuyatafuta."