Kamba ya Nguo Juu ya Mfereji

Alhamisi iliyopita, kabla ya saa tatu asubuhi, nilipigiwa simu kutoka Old Kampala nikaarifiwa kwamba Hajji, muuza vitambaa, hakuamka kwa sala ya alfajiri, na kwamba angezikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Wasomaji wa safu hii hawamjui, kwa kuwa hakuwa mtu wa majukwaa. Alikuwa mtu wa mkasi na kipimo cha mbao, mjukuu wa wafanyabiashara waliotoka pwani wakatia nanga ya maisha yao katika kilima kile. Juu ya duka lake aliishi yeye, binti yake na wajukuu, na humo ndimo alimowasomesha Kurani watoto wa mtaa. Kanzu zao pia zilifuliwa hapo kila Alhamisi, maana vyumba vya kupanga walimoishi havina pa kuanikia. Sikuwa rafiki yake wa karibu. Tulisafiri pamoja mara moja tu, na safari hiyo ilinipa somo ambalo nimechelewa kulikiri.

Nilikuwa nimefuatana na wafanyabiashara wa Kampala waliokwenda China kununua bidhaa, nami niandike habari zao. Siku moja ilibaki bila shughuli, na mkalimani wetu akatupeleka kwa basi kwenye mji wa kale uliojengwa juu ya maji: mifereji mahali pa barabara, madaraja ya mawe yaliyobinuka kama mgongo wa paka, nyumba za kuta nyeupe ambazo ngazi zake zilishuka hadi majini. Nilijaza daftari. Kila jiwe nililiona kuwa shtaka dhidi ya jiji letu, linalobomoa nyumba za mababu ili lipate maduka yanayofanana kama mayai. Hajji hakuandika wala hakupiga picha. Alitembea akiangalia madirisha ya juu, hata akajikwaa mara mbili. Mama mmoja Mkenya, muuza viatu anayekaa Bukoto, akamhoji.

“Hajji, umepoteza nini huko juu?”

“Natafuta nguo zilizoanikwa.”

“Kwani zako hazikukauka hotelini?”

“Mama, mimi ni mtu wa vitambaa. Mahali watu wanakaa, nguo zinaanikwa. Tumevuka madaraja saba, nimeona kamba moja, na juu yake taulo mbili.”

“Si wametoa? Wageni wanakuja, ulitaka wakuonyeshe chupi zao?”

Tulicheka sote, naye akacheka. Kisha akamshika mkalimani mkono, wakamwendea bibi aliyekuwa akisokota uzi wa pamba mlangoni, karibu na ukingo wa mfereji. “Muulize analala wapi,” akasema. Bibi akajibu bila kusimamisha gurudumu lake kwamba alizaliwa katika nyumba ile ile, lakini sasa analala kwenye maghorofa mapya, huja kwa basi asubuhi ili wageni wamwone akisokota, na jioni hurudi. Chumba cha mama yake sasa ni duka la peremende.

Ndani ya basi nilimwuliza Hajji alikuwa akiwaza nini. “Ndugu zangu wanataka tuhame pale juu pawe stoo,” akanijibu. “Wanasema nyumba itabaki vile vile, hata rangi hawataigusa. Mwalimu, nilikuwa nimekaribia kukubali.” Aliporejea Kampala aliwakatalia, nao wakamnunia hadi mwisho. Mimi niliporejea niliandika safu ndefu ya kuusifu mji ule kwa kuhifadhi mawe yake. Akanipigia simu. “Mwalimu, umesifia jeneza kwa kuwa limechongwa vizuri.” Nilikasirika. Kwa miezi kadhaa nilipita njia nyingine nisikutane naye.

Nyumba njema si mlango, wahenga walisema, na mimi niliyezoea kuwahubiria wengine nilikuwa nimeishia mlangoni. Ni rahisi kutetea kuta. Kuta hazipigi kelele, hazichomi mkaa, hazimwagi maji ya kufulia barabarani. Anayebomoa na anayehifadhi hutofautiana kwa mengi, lakini huweza kushirikiana katika dhambi moja: kumwondoa aliyelala humo. Na aliyeondolewa kwa heshima, huku nyumba yake ikipakwa chokaa, hana hata kifusi cha kuonyesha kwamba alidhulumiwa.

Nilifika msibani nikijiuliza ni nani sasa atakayeizuia nyumba ile kugeuzwa stoo, kwani mwenye kukataa alikuwa ameondoka. Uchochoro ulijaa watu. Juu yetu, kutoka ukingo hadi ukingo wa roshani, zilining'inia kanzu ndogo nyeupe, zikitona maji. Mdogo wake marehemu alizitazama, akamwita binti wa Hajji.

“Toeni hizo. Wageni wanakuja.”

“Ni kanzu za watoto wa madrasa, baba mdogo. Kesho Ijumaa, watavaa nini?”

“Na madrasa yenyewe atasomesha nani sasa?”

“Mimi. Na Alhamisi ijayo nitaanika tena.”

Tone la maji lilimwangukia yule bwana begani. Akalifuta kwa kiganja, akainamisha kichwa, akaingia kumbeba kaka yake.

Nimeishi nikiwafundisha wasomaji wangu namna ya kuutazama mji. Tangu Alhamisi hiyo nimeamua kwamba, nikifika mtaa nisioujua, daftari litakaa mfukoni hadi niwe nimeinua macho na kuziona kamba zake za nguo.