Kitanda chenye Kimo cha Baraza

Ashukuriwe Mola aliyetupa magoti ya kumsujudia, na yanapochakaa akaturuhusu kumwabudu tukiwa tumeketi. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Ninayoandika ni habari ya kitanda tu, lakini kilininyima utulivu kuliko mambo mengi makubwa niliyopata kuyaona.

Kitanda chetu cha mbao tulikuja nacho Kisangani kutoka Maniema, mimi na mke wangu tukiwa vijana. Mchwa wakakila kwa ndani, kimyakimya, hata asubuhi moja mguu wa kitanda ukadidimia, mke wangu ameketi ukingoni anaswali. Hakuumia, alhamdulillahi. Lakini tangu hapo tukalala kwenye godoro sakafuni, na magoti yake si tena ya kuinuka kutoka chini. Ilibidi nimshike mikono nivute, naye asukume ukuta, na nguvu zangu mimi mwenyewe ni za kuombea dua.

Kisha nikagundua jambo. Baada ya swala ya alasiri alikuwa hanywi maji. Nikimpa, analowesha midomo na kurudisha bilauri. Nikimuuliza, hana kiu. Katika joto la mji huu, mtu hana kiu? Alikuwa anaogopa haja itakayomlazimu kuinuka usiku na kuniamsha. Na daktari alikwisha kumwonya kwamba figo zake zinataka maji.

Nikaenda kutafuta kitanda cha chuma.

Kule mtaa wa Tshopo mafundi wa kuchomelea huvipanga kando ya barabara, vimepakwa rangi ya dhahabu, vina maua na mioyo kichwani. Nikakalia kimoja, nikainuka. Nikakalia kingine. Vyote ni virefu, kwa kuwa watu wetu huweka chini ya kitanda masanduku, magunia ya mchele, hata kuku anayeatamia. Miguu yangu ilifika chini vizuri. Lakini mke wangu kichwa chake kinanifika kifuani.

"Papa, unachagua kitanda ama unafanya sport?" fundi akauliza.

"Natafuta kifupi."

"Kifupi! Bibi mupya hatakubali. Bamama wanapenda ya juu."

"Bibi ni yule yule wa zamani."

"Bon. Alors, kamupime, papa. Leta kipimo, miguu nitakata leo leo. Kama courant ya umeme iko."

Nikarudi kwa toleka, baiskeli ya abiria, nikimhimiza kijana wa watu kukanyaga. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye ukingo wa baraza akichambua sombe, majani ya muhogo. Nikachutama mbele yake, nikatoa kamba mfukoni mwa kanzu, nikainyoosha kutoka kisigino chake kwenda gotini.

Akavuta mguu.

"Mzee, kamba hiyo si ile ya makaburini?"

Ilikuwa ndiyo. Anapofariki mtu wa msikiti wetu, mimi ndiye ninayempima, wachimbaji wajue urefu wa mwanandani wa kaburi. Kamba ile hukaa mfukoni mwangu kama funguo zinavyokaa mfukoni mwa wengine, na mkono uliichukua bila kuniuliza.

"Ni kamba tu," nikasema.

"Ni kamba tu, na mimi niko mutu tu. Lakini mutu muzima! Nenda upime wale wanaonyamaza."

"Basi nilete nyingine."

"Hata ulete ya dhahabu, leo hunipimi."

Nikaanza kuzunguka uani. Nikafungua mlango wa chumba, nikaufunga, nikaufungua tena. Watoto wa madrasa nimewasomesha habari za subira mpaka wakaikariri, na pale sikuweza kusimama mahali pamoja. Jua lilikwisha kupita utosi. Umeme wa bwawa la Tshopo huondoka unapotaka, na alasiri ilikuwa inakuja na ile bilauri yake iliyojaa.

Ndipo akapita mama mmoja wa familia za wavuvi wa maporomoko, beseni la samaki kichwani.

"Ngolo! Ngolo ya leo!"

"Ya leo ama ya juzi?" mke wangu akamjibu. "Mbona samaki yako macho inalala?"

"Mama, anasinzia tu, joto!"

Mke wangu akaweka kiganja kwenye ukingo wa baraza, akainuka. Hakushika ukuta, hakuniita. Akaenda mpaka kwenye beseni, akamfunua samaki mashavu aone wekundu wake.

Nikabaki nikiutazama ule ukingo. Kila asubuhi huketi pale na kuinuka, nami nilikuwa nikipita mbele yake na tasbihi yangu. Nikaokota ufito wa mwanzi, nikausimamisha kando ya ukingo, nikautia alama usawa wake kwa kisu.

"Na godoro?" akasema bila kugeuka, ngolo mkononi. "Utanilaza juu ya chuma?"

Nikajua amenisamehe. Nikalibonyeza godoro kwa goti, nikaona unene unaobaki mtu akilikalia, nikaupunguza mwanzi kwa kiasi hicho.

Niliporudi Tshopo, fundi alikata miguu miwili kwa mashine, na umeme ukaondoka.

"Kaa, papa. Barrage ya Tshopo ikitaka, itarudisha courant."

Nikakaa, nikasimama, nikatazama barabara kana kwamba umeme huja kwa miguu.

"Papa, si wewe unatufundisha subira Ijumaa?"

"Ni mimi, lakini si mimi wa leo."

Akacheka, akatafuta msumeno wa mkono. Nilishikilia chuma kisitetemeke, yeye akakata miguu iliyobaki, tukaivalisha vipande vya tairi kuukuu. Kikapelekwa nyumbani juu ya pousse-pousse, mkokoteni wa kusukuma, nami nikitembea nyuma nimekishika kana kwamba kitatoroka.

Chumbani nilikiweka mshazari, ili anayeketi ukingoni aelekee kibla.

"Kimekaa upande," akasema mke wangu.

"Keti kwanza."

Akaketi. Nyayo zake zilitulia sakafuni zote mbili. Akaweka kiganja, akainuka. Akaketi tena, akainuka tena, akanitazama kama anayenikataza kusema neno. Akaswali alasiri pale pale.

Alipotoa salamu akasema, "Niletee maji."

Nikajaza bilauri. Akainywa mpaka chini, akanyoosha mkono akitaka nyingine.

Nawe unayesoma, Mwenyezi Mungu akupe mahali pa kuketi unapoweza kuinuka mwenyewe, na maji yako uyanywe bila hofu mpaka chini. Amina.