Makaburi Niliyoyaita Uzio

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyofunga ndoa, na mke wangu asinisikie nikisema hivyo. Ni siku niliyosimama kwenye migomba ya mama mmoja mjane kule Kimandolu, mkononi nimeshika ubao wa kuandikia, moyoni nimejaa wivu. Kaa vizuri. Chai ipo, na mvua hii ya Meru haina haraka ya kukatika.

Ulipokuja Jumapili ile umenuna, sikukuuliza sana. Ukaniambia wameanza tena kupanga ile barabara ya juu, ile ya kupita kwenye nguzo juu ya mji, na kwamba aliyepewa kuongoza kundi lenu la kutathmini athari ni binti wa kutoka Iringa, mgeni kabisa, wakati wewe umezaliwa hapa hapa. Ukasema, "Acha ajikwae mwenyewe, atajua hajui." Hee! Nilishtuka mpaka chai ikanimwagikia. Maneno hayo nayajua. Niliyasema mimi, kwa barabara hiyo hiyo, wewe bado unanyonya.

Usishangae. Wazo la barabara hii si jipya. Lilikuja, likachorwa, likafungiwa kabatini. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, nimetoka chuo na cheti changu, naamini Arusha nzima inanisubiri. Kampuni iliyopewa upembuzi ilitoka Dar es Salaam. Walitaka vijana wa kupita nyumba kwa nyumba kwenye mkuza, yaani ule ukanda ambao nguzo zingesimama, waandike nani anaishi pale, ana miti gani, anachota maji wapi, anauza nini na wapi, na hiyo barabara ikimpita juu ya kichwa itamharibia nini. Kiongozi wa kundi, nilijua, ni mimi. Mmeru, mzaliwa, nasema Kimeru, na Kimaasai cha kuombea maji ninacho. Nani mwingine?

Wakampa Rukia.

Rukia alitoka Tanga. Nilimzidi miaka miwili. Binti mwembamba, mtandio wake umekaa sawasawa hata kwenye vumbi la Sombetini. Na Kiswahili chake, jamani! Sisi wa huku Kiswahili wengi tumekikuta shuleni, tunakisema kama tunabeba mawe. Yeye kilimtoka chenyewe. Akisema, "Shikamoo mama, za tangu asubuhi, watoto hawajambo?" mama wa watu anasahau kwamba alitoka ndani kutufukuza. Wazee wa kwetu, wazee wangu mimi, walimkaribisha loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando, wakamfungia na ndizi za kupeleka nyumbani. Mimi nikapewa maji ya kunywa.

Siku moja kule Sombetini vijana wa bodaboda waligoma kujibu maswali yetu. Nilibembeleza nusu saa nzima, wananicheka tu. Rukia akaja akawauliza, "Nyie mvua ikinyesha mtajikinga chini ya hiyo barabara, au mtafukuzwa?" Basi! Wakamzunguka wote, kila mmoja anataka kueleza yake, mmoja anauliza wateja watashukia wapi, mwingine anasema kutakuwa giza la wezi. Yeye anaandika, anatabasamu. Nilitamani pikipiki zao zote zigome kuwaka.

Niseme ukweli, maana sina tena umri wa kujipamba. Nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakipiti. Mhandisi mkuu wa kampuni akimsifu, nabadilisha mazungumzo. Akikosea kutamka jina la mtaa, nafurahi siku nzima. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji sikutaka kupona, nilitaka mgeni augue.

Ndipo tukafika kwa Mama Anaeli, yule mjane wa Kimandolu.

Shamba lake lilikuwa dogo, migomba na kahawa chache, mji umelizunguka pande zote. Katikati ya migomba palikuwa na mashina matatu ya masale. Wewe isale unalijua, yale majani marefu ya kijani tunayopanda mpakani. Lakini unajua pia, kwa sababu umekulia huku, kwamba tunalipanda penye kaburi. Na pale katikati ya shamba hapakuwa na mpaka wowote. Misalaba ya mti ilikuwa imeshaoza, masale yamebaki. Mmeru yeyote angeona mara moja kwamba pale wamelala watu.

Rukia alipita katikati yake na futi ya kupimia. Mimi nikazunguka. Miguu ilizunguka yenyewe, kwa adabu niliyofundishwa utotoni. Mama Anaeli alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, anatutazama. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo kazi ya kumuuliza ilikuwa yangu.

"Kaka Eliamani," Rukia akaita, "haya majani ni ya nini?"

"Masale. Huku tunayapanda uzio."

"Mbona yako katikati?"

"Ndivyo tulivyo. Wewe andika uzio."

"Haya. Naomba basi umuulize mama kama kuna makaburi hapa."

Nikamgeukia mama, nikamuuliza kwa Kimeru kama migomba yake imezaa vizuri mwaka huu. Akanijibu kwamba Mungu amesaidia. Nikamwambia Rukia, "Hakuna."

Neno moja tu, mwanangu. Rukia akaliandika, akaniambia asante kaka. Nami nikajiambia moyoni, asiyejua maana haambiwi maana, kana kwamba methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya kufichia ubaya wangu. Hesabu yangu ilikuwa hivi: orodha itasomwa kwenye mkutano wa wananchi, kosa litalipuka, Rukia ataumbuka, halafu mimi nitasimama kwa upole wangu wa kinafiki niwaeleze wakubwa maana ya masale. Watajua nani alistahili.

Mkutano ukafanyika mchana, kwenye ukumbi wa shule. Ramani imebandikwa ukutani, nguzo zimechorwa kwa duara nyekundu. Rukia akasoma mtaa kwa mtaa, kaya kwa kaya. Akafika: "Mama Anaeli, migomba, kahawa, na uzio wa masale. Nguzo mojawapo itasimama hapa." Akaweka kidole kwenye duara.

Jirani akamnong'oneza mama kwa Kimeru yaliyosomwa. Mama akasimama. Hakupiga kelele. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hapo mume wangu. Hapo watoto wangu wawili. Mnaweka nguzo juu ya mtoto?"

Ukumbi ukalipuka. Huyu anamwita Rukia mshenzi, yule anapaza sauti, "Rudi kwenu Tanga!" Wale wale waliomfungia ndizi. Akageuka akanitazama. Hakunishtaki, mwanangu. Alinitazama tu, akingoja niseme.

Nikasimama kama nilivyopanga. Lakini mama alikuwa ameshafika mbele ya meza yetu. Akanisogelea, akasema taratibu kwa Kimeru, kwa sauti niliyoisikia mimi peke yangu, "Wewe uliwazunguka. Nilikuona. Kisha ukaniuliza habari za migomba."

Mhandisi mkuu akauliza, "Anasemaje?"

Nikajibu, "Anasema ana uchungu sana."

Nikakaa chini. Kosa la kwanza lilikuwa la wivu, na wivu una upofu wake. Hili la pili nililifanya macho yangu yakiwa wazi.

Rukia akaondolewa kazini wiki hiyo hiyo, nikapewa nafasi yake. Nikapewa hata koti lake la kazini, lile la kung'aa, jina lake limefutwa kwa kalamu ya wino mzito, linanibana mabegani. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Unadhani wivu uliisha? Thubutu! Nikaanza kumwonea wivu kwa jambo lingine, kwamba yeye anaweza kumtazama mtu usoni. Mimi nikikutana na mama yeyote wa Kimeru njiani, navuka upande wa pili.

Siku ya tatu nikashindwa. Nikakata isale, nikaenda kwa Mama Anaeli. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea isale, na aliyepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Hiyo ni mila ya wazee, ilikuwepo kabla ya wachungaji. Nikampa jani kwa mikono miwili, nikamweleza yote, mpaka ile tafsiri ya uongo mbele ya mhandisi.

Alilitazama lile jani, hakulipokea.

"Mimi nimeshakusamehe," akasema. "Nguzo haijachimbwa, watu wangu bado wamelala. Lakini jani hili umekosea mlango. Mpelekee yule binti."

"Mama, yule ni wa Tanga. Hajui isale ni nini."

"Basi mweleze. Si hicho ndicho ulichomnyima?"

Sijawahi kupigwa kofi na mtu mzima likaniingia namna hiyo, na mkono wake haukuinuka.

Nikashuka mpaka Sombetini, alikopanga chumba. Nilimkuta anafunga begi lake kwa kamba, kwa sababu zipu ilikuwa imeharibika. Nikasimama mlangoni kama mdaiwa. Nikamweleza isale lote, la mpakani, la kaburini na la msamaha. Nikamwambia nilichomuuliza mama siku ile, na mama alichoniambia mkutanoni. Nikamnyooshea jani.

Akalipokea, akaligeuzageuza. "Kaka Eliamani, maelezo haya yangechukua dakika mbili pale shambani."

"Ni kweli."

"Na kwenu aliyeletewa hawezi kukataa?"

"Hawezi."

"Mimi si wa kwenu," akasema. "Mlinikumbusha wenyewe, ukumbini." Akanirudishia jani mkononi, si kwa hasira, akaendelea kufunga kamba.

Kesho yake nikaenda kwa mhandisi mkuu nikasema kila kitu. Nilifukuzwa, na ilikuwa haki. Taarifa ikasahihishwa, duara nyekundu ikasogezwa mpaka kwenye kona isiyo na mtu, na mama akapata barua yenye majina ya watu wake watatu. Rukia aliandikiwa arudi. Alijibu kwamba ameshapata kazi kwingine. Leo nasikia anaongoza miradi mikubwa huko na huko, na nikisikia, Mungu anisamehe, bado nabadilisha mazungumzo. Mimi naota mvi, wivu wangu hauoti.

Kwa hiyo sikudanganyi, mwanangu. Sikuambii uache wivu. Ungekuwa kitu cha kuachika, ningeshauacha mimi. Utakuja wenyewe, utakaa, utakunywa chai yako. Ila usiutume kazi. Usiupe kalamu, usiupe ukalimani, usiupe nafasi ya kujibu kwa niaba yako. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mjukuu angalau hukua akaenda zake. Yangu yamebaki nyumbani.

Kesho asubuhi mtangulie yule binti wa Iringa kazini. Mkaribishe chai. Mwambie unachokijua na yeye hajui. Mwambie mfereji wa wazee unapita wapi chini ya ardhi, maana ramani haiuonyeshi. Mwambie ni mti upi haukatwi mpaka wazee wakae. Mwambie kina mama wanaouza ndizi pembeni ya barabara hawapo siku zote, akihesabu Jumatatu atasema hakuna mtu. Na mwambie kuna bibi zetu ambao wakiulizwa kwa Kiswahili wanasema ndiyo kwa kila kitu, kwa adabu tu, kwa hiyo akisikia ndiyo aulize tena. Hayo yote unayo wewe. Ukiyaficha, hujamkomoa yeye. Atakayeamka asubuhi akute shimo la nguzo kwenye kaburi la mwanawe ni bibi fulani ambaye hajawahi kukukosea kitu, na barabara ikishasimama haisogezwi tena kwa kalamu.

Utasema, akifaulu atasifiwa yeye. Ndiyo, atasifiwa yeye, na itakuuma. Acha ikuume. Maumivu hayo yanapona.

Na akikushukuru, itikia. Akikuuliza swali la kijinga kuhusu kwetu, jibu swali aliloliuliza, siyo lingine.

Haya, mvua imepungua, nenda kabla njia haijawa tope. Mungu aubariki ulimi wako useme kabla haujachelewa. Akuongoze, na akiona inafaa, akupe na uongozi. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mgeni kwenye nchi ya watu, hujui jani hili wala lile, akukutanishe na mwenyeji mwenye moyo kuliko mimi.