Zamu Tuliyoifanya Mlimani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule Coon Rapids, Minnesota, Muuguzi Mkuu hakunionyesha mgonjwa yeyote mpaka saa nne. Alinipeleka chumba cha nguo, akanifundisha kutandika kitanda chenye mtu na kufunga mkanda wa kushikia, ule mpana wa turubai unaozungushwa kiunoni mwa mgonjwa ili ukimwinua usimvute mikono. Kisha akaniingiza kwa bibi mmoja aliyekuwa akizungumza na dirisha. Nilitaka kumwambia bibi kwamba hapakuwa na mtu. Muuguzi Mkuu akanizuia.

"Usibishane naye," akasema. "Muulize anamwona nani, na huku umguse mkono ujue una joto au baridi. Unahitaji majibu yote mawili."

Nyinyi mnaoingia kazini sasa mna vipimo vya kila aina. Sisi tulitumia sana macho na vidole. Kila saa mbili tulimgeuza mgonjwa ubavu ili ngozi isichubuke kwa kulaliwa. Tulihesabu pumzi kwa kutazama blanketi likipanda na kushuka, na likikawia kupanda, sisi nasi tulizuia pumzi.

Baada ya miaka saba nilihamia Woodbury, katika nyumba nyingine ya kampuni ile ile, ya watu waliokuwa wakingoja mwisho wao. Msimamizi wa zamu, mwanamume mrefu asiyecheka, alikuwa na amri moja tu: asife mtu peke yake. Nilikaa huko miaka mitatu, kisha nikaomba kurudi Coon Rapids. Sababu sikumwambia mtu.

Huko Coon Rapids ndiko nilikopata marafiki. Dorcas, msaidizi wa wauguzi kama mimi, alitokea Kisii na alikuwa jirani yangu Columbia Heights. Mwanaisha, mwenyeji wa Mombasa, alikuwa jikoni. Wote wawili walikuwa wadogo kwangu, wakiniita Mama Neema kwa jina la binti yangu. Mwezi mmoja wa Oktoba, Dorcas alisema amechoka kuishi Minnesota bila kupanda chochote ila ngazi za ghorofa. Jumamosi iliyofuata tulikuwa sote kwenye gari la Mwanaisha, tukielekea kaskazini, kwenye mlima wa mawe ulio juu ya ziwa kubwa la huko.

Tulipoanza kupanda kulikuwa na manyunyu tu na majani mekundu njiani. Nusu ya safari njia iliisha, yakabaki mawe makubwa ya kushika kwa mikono na kujivuta. Hapo theluji ikaanza. Haikuja na upepo. Ilishuka kimya, nene, na kila sauti ikafa: ndege, maji, hata buti zetu wenyewe. Dorcas alitangulia. Alikuwa amelowa mgongoni kwa jasho na mvua, nami, mtu wa kazi ya kutunza watu, sikumwambia abadili nguo. Muda si muda hatukumwona tena.

Tulifuata nyayo zake. Kwenye bapa la jiwe karibu na kilele, tukalikuta jaketi lake. Halikuwa limetupwa. Lilikuwa limekunjwa vizuri, glavu zimewekwa juu yake, kofia juu ya glavu. Mwanaisha akasoma dua kwa sauti ya chini.

Dorcas alikuwa ameketi hatua kumi mbele, mikono wazi, akitabasamu kwa mtu aliyekuwa kulia kwake. Hakuwa akitetemeka, na hilo ndilo lililonitisha. Mwili ukishindwa na baridi huacha kutetemeka, na mtu huhisi joto la uongo, akaanza kuvua. Nilimshika mkono. Ulikuwa kama jiwe alilokalia.

"Dorcas, unamwona nani?"

"Huyu mama," akasema polepole, ulimi mzito. "Anasema ile chai ilipoa."

Woodbury kulikuwa na mama mmoja aliyeniomba chai jioni moja. Nilikwenda jikoni, nikakawia nikiongea kwa simu, na niliporudi na kikombe alikuwa ameshakata roho, peke yake. Ile chai niliimwaga. Kwenye ripoti niliandika kwamba nilikuwepo. Sikuwahi kumsimulia binadamu yeyote, na Dorcas hakuwahi kukanyaga nyumba ile.

Nilitazama kulia kwake. Theluji ilikuwa ikianguka kila mahali, ila pale, nafasi ya mtu mmoja kukaa, jiwe lilikuwa kavu.

Nikasema, kwa lugha aliyoielewa yule mama, kwamba nilikosa na ninaomba radhi. Kisha mikono ikakumbuka kazi. Tulimvua Dorcas fulana iliyolowa, tukamvisha sweta langu kavu na jaketi lake, tukamkumbatia katikati yetu. Hatukumsugua, maana kumsugua mtu aliyeganda huweza kumdhuru moyo. Alipoweza kumeza vizuri tulimpa uji wa moto wa Mwanaisha kutoka kwenye chupa, kidogo kidogo, mpaka akaanza kutetemeka tena. Sijawahi kufurahia kutetemeka kwa mtu kiasi kile.

Tuliteremka Mwanaisha akiwa mbele, akituchimbia vidato kwa buti. Mimi nilikuwa nyuma ya Dorcas, nimemfunga mtandio wangu kiunoni na kuushika kwa mikono yote miwili. Tulifika kwenye gari kukiwa bado na mwanga. Daktari alimlaza siku mbili, akapona.

Jumatatu nilikwenda Woodbury nikamweleza msimamizi ukweli kuhusu ile ripoti. Alisikiliza hadi mwisho, akasema ataiandika upya mbele yangu, na akafanya hivyo. Nilitegemea kufukuzwa. Nilipewa barua ya onyo, nikafanya kazi miaka kumi na moja zaidi.

Siku waliyoniaga nilipostaafu, Dorcas alikuja kukaa karibu nami. Mlima ule hatukuwa tukiuzungumza. Alisema hakumbuki kupanda, wala jiwe, wala uji. Anakumbuka kushuka tu.

"Mlinishika vizuri, Mama Neema," akasema. "Mwanaisha mbele, wewe nyuma, na yule mwenzako aliyenishika mkono wa kulia mpaka chini. Sikuwahi kumshukuru."

Mwanaisha alikuwa upande wa pili wa meza, akikata keki. Nilimtazama, kisha nikamrudia Dorcas, nikamwambia nitamfikishia shukrani zake.