Simu ya Ya Riziki, MP3 yangu, na fundi aliyenicheka Columbus

Wakuu, poleni na mihangaiko. Naandika kama ilivyotokea, mashahidi ni kanisa zima.

Mimi ndiye mtu wa sauti wa kwaya yetu hapa Buffalo, mitaa ya Bailey. Sijasomea popote, nimejifunza kwa kuunguza nyaya.

Beat zetu zote napigia kwenye MP3 yangu ndogo. Haipokei simu, haina intaneti. Inapiga muziki, basi.

Bon. Majuzi tulialikwa kuimba kanisani Columbus. Kwenye mixer nikamkuta Jospin, fundi wa kwaya ya Louisville. Kaiona MP3, kacheka.

"Kaka, hiyo umeitoa museum? Simu inafanya yote."

Damu ikachemka. Ila Ya Riziki, yaani dada Riziki anayetuongoza, akanishika bega. "Mdogo wangu, tuko ugenini."

Akatoa simu yake: ipige beat, na hapohapo irushe live, mama yake aliye Uvira, Kongo, amuone akiimba. Miaka minane hawajaonana.

Kwa Ya Riziki sibishi. Jospin akaiunganisha. Lakini MP3 nikaichomeka line ya pili, beat ileile ndani, kidole juu ya play.

(Najua mtauliza kuhusu airplane mode. Live ingeendaje? Na sisi wenye ndugu Kivu, kwenye vita, hatuzimi simu. Kamwe.)

Ubeti wa pili, Ya Riziki kapandisha sauti juu kabisa, beat ikakata. Spika zikaanza kuita. Jospin kwa kiherehere akapokea.

"Riziki mwanangu, nakuona. Mama yako nakuona."

Kanisa zima limesikia. Mama uvumilivu ulimshinda, kapiga.

Ya Riziki akaganda na mic mkononi. Jospin anataka kukata, nikamdaka mkono. "Usiguse."

Nikahesabu nne, nikabonyeza MP3 kwenye kiitikio.

Ya Riziki akaingia kama vile hakusimama. Na mama huko Uvira akapiga vigelegele hadi mwisho wa wimbo, kwenye spika zilezile. Hakuna aliyebaki amekaa.

Donc wakuu, simu ilifanya kazi yake, ilimleta mama. Muziki uachiwe chombo chake. Anayebisha aje, leo niko off, nawasubiri hapa.

Jospin? Baada ya ibada alinifuata taratibu kuuliza MP3 kama ile inapatikana wapi.

Nikamwambia museum.