Uwele wa Bibi na Kelele za Mbigili

Betri kuukuu zikianikwa juu ya bati la moto zina harufu yake, kama msumari uliolambwa ukabaki na vumbi. Wengine wakiinusa wanakumbuka shida. Mimi namkumbuka dada yangu Eliza akinguruma kama fisi aliyekanyagwa mkia, na natamani kuvunja kitu kwa raha.

Sasa niko kidato cha tatu, na mwalimu wa nidhamu anasema mdomo wangu ni mrefu kuliko sketi yangu. Naomba mniamini hata hivyo. Haya yalitokea nikiwa darasa la nne, kwetu Zuzu, nje kidogo ya mji wa Dodoma, ambako treni hupita ikitupigia honi utadhani sisi ndio tumeizuia. Redio ya Bibi ilifungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli ili isimwage matumbo. Betri zikichoka tuliziweka batini, zikapata pumzi kidogo, na pumzi hiyo ilikuwa na mwenyewe: kipindi cha Jumamosi saa kumi jioni kilichoitwa Kelele Halali.

Redio yenyewe ilikuwa ndogo, ya mtaani, chumba kimoja pale mjini chenye magodoro yaliyoegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Mtangazaji Yona ndiye aliyefanya kila kitu. Alisoma taarifa za misiba kwa sauti ya kulia, alitangaza mbuzi waliopotea na rangi zao, alipeleka salamu za shangazi wa Kondoa kwa mjomba wa Kongwa. Saa kumi ikigonga alibadilika ghafla, akapiga kelele, "Dodoma, shika kofia yako!" na kuachia hevi metali. Zilikuwa bendi za vijana wa huku huku, ambazo hakuna baa wala ukumbi uliozitaka. Zilirekodi pale pale, katikati ya magodoro.

Bendi ya dada iliitwa Mbigili, kama ile miiba midogo inayotoboa ndala. Walikuwa wanne. Gitaa lao lilipita kwenye spika iliyopasuka ambayo kanisa letu lilikuwa limeitupa kwa sababu ilikwaruza mahubiri. Kwa Mbigili mkwaruzo ule ulikuwa hazina. Na Eliza hakuimba, alinguruma, juu ya mabomba yasiyotoa maji na wanaume wanaochagulia wasichana maisha. Baba alipomsikia mara ya kwanza alitoka nje mbio kuuliza nani anachinjwa.

Bibi hakuwahi kuwasifu. "Huyu mtoto siku moja atatapika ini," ndiyo tathmini yake yote ya kimuziki. Lakini msimu ule uwele ulipokomaa, na mimi nikapewa kazi ya kuamia ndege kwa debe na kombeo, nilibeba redio shambani ili nisife kwa upweke. Kweleakwelea walishuka jioni kama blanketi. Yona akaachia Mbigili. Eliza akanguruma. Blanketi lote likainuka, likayumba, likahamia kwa jirani! Bibi aliyekuwa anapalilia kunde alisimama, akaangalia mbingu, akaangalia redio.

"Wewe Tabu."

"Abee, Bibi."

"Ongeza."

Basi kila Jumamosi ya msimu ule ikawa hivyo.

Matatizo yalikuja baadaye. Redio ilikuwa na kamati, wazee watatu waliovaa makoti hata jua la saa saba. Waliletewa malalamiko: muziki wa mapepo, watoto hawalali, kuku wa mama mmoja amekataa kuatamia. Yona akatangaza kwa sauti yake ya misiba, "Jumamosi wazee watakuwa studio. Wasikilizaji, pigeni simu. Mkinyamaza, Kelele Halali itazikwa hapa hapa hewani, na mimi ndiye nitakayeisomea taarifa."

Wiki ile Eliza hakula vizuri. "Redio ikitutoa," aliniambia akichonga fimbo za ngoma, "sisi ni watu wanne wanaopayuka chumbani. Basi." Baba naye alikuwa amekwisha kumtafutia chuo cha ushonaji.

Jumamosi ilitukuta uani tukipura. Makapi yaliniwasha shingo, redio iko juu ya gunia, Eliza amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa akila kucha. Simu ya kwanza ilikuwa ya shemasi.

"Ndugu mtangazaji, huyo binti mleteni tumwombee."

Ya pili ilikuwa ya yule mama wa kuku. Ya tatu ilikata, lakini hata kukata kwake kulikuwa kwa hasira. Tukasikia mzee mmoja wa kamati akisema, "Nadhani tumesikia ya kutosha."

Bibi akaweka fimbo chini. Akamnyang'anya Eliza simu, akapanda kwenye kichuguu nyuma ya choo, mahali pekee penye mtandao. Sauti yake tukaisikia mara mbili, kwanza kutoka kichuguuni, halafu kutoka redioni.

"Mbukwa, Yona," alimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, bibi! Unatupigia kutoka wapi?"

"Zuzu. Niulizie hao wenye makoti, nani kati yao anataka uwele wangu uliwe?"

"Uwele tena, bibi?"

"Kweleakwelea wamejaa huku! Nikifungulia hawa watoto wa Mbigili, wanakimbia. Nikifungulia kwaya, wanatulia, wanakula kwa mdundo. Sasa mkiwatoa hewani, njooni mniamie nyie. Tena njooni na makoti yenu, ndege watadhani ni sanamu."

Yona alicheka hadi akapaliwa. Mzee mmoja akakohoa. "Mama, unasema muziki huu una manufaa ya kilimo?"

"Nasema piga wimbo, unanichelewesha. Ndege wanashiba!"

Baada ya hapo simu hazikukoma. Mama wa Kongwa alisema mtama wake umepona kwa Mbigili. Mzee wa Kondoa alisema kuhusu mapepo atamwachia sheikh wake, ila kuhusu ndege yeye ni shahidi. Wazee wakanong'ona, wakauliza kama kipindi kinaweza kusogezwa karibu na kile cha kilimo, wakaondoka na makoti yao. Kelele Halali ikabaki.

Mtu pekee aliyekasirika alikuwa Eliza. "Mimi si debe la kuamia ndege!" alifoka, kisha akaingia ndani na kutunga wimbo uitwao Debe, ambao mpaka leo ndio unaoombwa kuliko zote. Chuo cha ushonaji hakikutajwa tena.

Niliisimulia hadithi hii shuleni miaka kadhaa kama kichekesho cha bibi mshamba. Kisha mwaka jana, likizo, tulikuwa tunapura, kapi likaniingia shingoni likaniwasha, nami nikaganda na fimbo hewani. Siku ile tulikuwa tunapura! Uwele ulikuwa tayari kwenye magunia, redio imekaa juu yake. Shambani palikuwa na mabua matupu, hapakuwa na cha kuliwa na ndege yeyote mwenye akili. Na Kongwa walikuwa wamevuna. Na Kondoa pia. Kila aliyepiga simu alijua, na Yona naye alijua, ndiyo maana alipaliwa. Ni wale watatu tu, waliokaa mjini hadi wakasahau uwele unavunwa lini, ndio hawakujua.

Nikamgeukia Bibi. Alikuwa anapepeta, hana habari na mimi.

"Bibi, siku ile uliyopiga simu redioni, ndege walikuwa wangapi?"

Hakuacha kupepeta. "Watatu," alisema. "Walikuwa studio, wamevaa makoti."

Halafu akanyoosha kidevu kuelekea redio, maana ilikuwa Jumamosi na saa kumi ilikuwa imegonga.

"Ongeza."