Vizibo vya Nchi Mbili

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu waliosema hawapendi kukumbushwa, na mimi napenda sana kukumbusha.

Wa kwanza alikuwa fundi mwashi wa kijijini kwetu Bweranyange, mtu aliyejenga nusu ya nyumba za upande wetu. Aliizunguka nyumba ya mama mara mbili, mikono ameiweka nyuma, akaugonga ukuta kwa kidole, udongo ukamwagika juu ya kiatu chake.

"Bwana Diploma," akaniambia, "hii haikarabatiwi. Hii inazikwa."

Nikamjibu kwamba nitaikarabati mwenyewe, kwa mikono hii, kabla ya masika. Alicheka mpaka akaegemea mgomba.

"Sikiliza," akasema, na majirani wawili walikuwepo wakisikia. "Ukimaliza kabla ya masika, na mama yako akalala humo pakavu, nitakuletea mkungu wa matoke nimeubeba kichwani. Kuanzia barabarani mpaka mlangoni hapa."

Mwanaume wa kwetu hajitwiki mkungu kichwani mchana watu wakimwona. Anaufunga kwenye baiskeli au anamlipa bodaboda. Kwa hiyo majirani walielewa kwamba fundi ana uhakika kabisa.

Wa pili alikuwa kaka yangu mkubwa, anayefanya biashara Murongo, mpakani na Uganda. Yeye aliniambia kwa simu. "Mdogo wangu, wewe umesomea kuandika vitabu vya stoo. Ukuta umeujulia wapi? Mvua za masika zikianza nakuja na gari, namchukua mama aje akae kwangu. Nyumba hiyo itamwangukia."

Hapo ndipo palikuwa na uzito wote. Kaka hakuwa mtu mbaya, ana nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma, na angemtunza. Ila mama hakutaka kwenda. Nilipomuuliza, alikuwa akimenya ndizi na hakuinua kichwa.

"Murongo nitafanya nini? Nikae kwenye kiti nihesabu malori? Baba yenu amelala hapa nyuma. Na kibanja kisipoona moshi wa jikoni, migomba inajua mwenyewe ameondoka. Inaanza kuzaa vidole vya mtoto."

Kibanja, kwa asiyejua, ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Kwetu nyumba na kibanja ni kitu kimoja. Basi nilikuwa na miezi mitatu ya kuhakikisha mama haondoki.

Nilikuwa nimerudi kutoka Mwanza baada ya miaka kumi na mmoja ya kazi za ghala. Mwajiri wangu alifunga biashara, nami nikarudi na begi moja, akiba ndogo, na stashahada yangu ya ununuzi na ugavi ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Niliipata kwa kusoma jioni baada ya kazi, kwa ada yangu mwenyewe, bila mjomba wala mfadhili. Watu wakiniita Bwana Diploma kwa kejeli, huwa naitika.

Diploma ilinifundisha jambo moja ambalo mafundi wengi hawalijui: kabla hujanunua chochote, andika ulicho nacho, unachokosa, na nani anacho. Nilichokuwa nacho ni miti ya mikaratusi iliyopandwa na baba, mawe ya mtoni, na mabati ya zamani. Nilichokosa ni karibu kila kitu kingine. Kwa hiyo nilikopa.

Ngazi niliazimwa na mwinjilisti, jirani yetu. Toroli na mifuko mitatu ya saruji nilikopeshwa na mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kayanga, Mwislamu mtaratibu ambaye babu yake alitoka pwani na bado anazungumza kama mtu anayepanga maneno kwenye sinia. Nyundo ilikuwa ya marehemu baba. Mama aliitoa chini ya kitanda, akaniambia, "Sikupi. Nakuazima. Itarudi kwangu."

Na pimamaji, amini usiamini, niliazimwa na fundi yuleyule.

"Chukua," akasema. "Isije ikasemwa nyumba imeanguka kwa kukosa pimamaji."

Nilianza na paa, na hapo sikumhitaji mwalimu. Niliyashusha mabati yote, nikayapanga kwa madaraja matatu: mazima, yenye matundu machache, na chujio. Mazima yakaenda juu ya chumba cha mama. Yenye matundu nikayalaza kwa kupandishana zaidi ya kawaida, tundu la moja likafunikwa na mgongo wa lingine. Chini ya kichwa cha kila msumari nikaweka kipande cha mpira nilichokata kwenye tyubu mbovu za bodaboda, nilizopewa bure. Miti iliyoliwa na mchwa nikaibadilisha kwa mikaratusi yetu, nikaipaka oili chafu ya pikipiki. Mama alilalamika kwamba nyumba inanuka kama stendi ya Kayanga. Nikamwambia mchwa nao wanasema hivyohivyo.

Misumari iliyopinda hatukutupa hata mmoja. Mama aliketi kibarazani na jiwe, akainyoosha mmoja mmoja kwa nyundo ya mumewe, akiimba nyimbo za kanisani. Msumari ukikataa kunyooka, anausema kama anavyomsema mbuzi.

Kisha nikafika kwenye ukuta, na hapo ndipo nilipojikwaa.

Nyumba ya baba ni ya matofali mabichi ya udongo. Nilisafisha kuta za sebuleni ili nipige plasta ya saruji, iwe kama nyumba za Mwanza. Ukutani kulikuwa na misumari minne mikubwa ya baba, mipana kichwani, yenye kutu. Nilipotaka kuing'oa, mama akasimama mlangoni.

"Usiguse hiyo."

"Mama, inaharibu ukuta."

"Hapo aliweka redio. Hapo koti. Hapo kalenda. Na hapo nyundo hiyo uliyoshika. Plasta yako ipite pembeni."

Nilinung'unika, lakini mama ni mama. Nikapaka plasta kuizunguka misumari ile, vichwa vyake vikazama ndani ya saruji. Ilipokauka kidogo, nikalaza pimamaji la fundi kwenye kingo za dirisha, kiputo chake kikatulia katikati. Nikamwita fundi aje aone. Alikuja, akaangalia, akarudi kwenye baiskeli yake, na mimi nikajua nimeshinda.

Siku ya nne, tukiwa tunakula mchana, tulisikia mlio kama wa mtu anayefungua mlango uliokwama. Plasta ya ukuta mzima ilijitenga, ikainama mbele taratibu, ikaanguka sakafuni. Kuku aliyekuwa ndani alitoka na hakurudi mpaka jioni. Vumbi lilipotulia mama alitazama ule ukuta wa udongo, mtupu kama nilivyoukuta.

"Mwanangu," akasema, "ukuta wako umevua shati."

Sikucheka. Mifuko mitatu ya saruji ya watu ilikuwa chini, vipande vipande, na masika yalikuwa yamebakiza wiki sita. Fundi alipata habari kabla hata sijamaliza kufagia. Alipita barabarani akiwa juu ya baiskeli, akapaza sauti, "Bwana Diploma! Nimeanza kuupenda mkungu wangu! Hautoki shambani!"

Ni mama aliyeona. Nilikuwa nimekaa nikitazama sakafu, yeye akitazama ukuta.

"Mbona hapo haikuanguka?"

Niliinua macho. Ukutani palibaki madoa manne ya plasta, kila moja upana wa sahani, yameshika kama yaliyozaliwa hapo. Pa redio. Pa koti. Pa kalenda. Pa nyundo. Nikasogea, nikavuta moja kwa vidole, halikutoka. Nikagonga, likajibu kama jiwe.

Nilielewa papo hapo, na hili nasema bila haya: si kila mtu angeelewa. Saruji na udongo havipendani. Udongo unavuta maji, unavimba, unasinyaa, na saruji haina mahali pa kukamata. Misumari ya baba, kwa vichwa vyake vipana, ilikuwa imeipa mahali pa kukamata. Nilihitaji misumari ya aina hiyo ukuta mzima, na mipana ya kweli ilikuwa ghali. Nilichokuwa nacho ni misumari iliyonyooshwa na mama. Vichwa ndivyo vilikosekana.

Nikakumbuka vizibo vya soda.

Kesho yake nilikwenda Kayanga nikazunguka baa na migahawa na gunia. Nilipiga magoti nikaokota vizibo nyuma ya masanduku ya chupa tupu. Dereva mmoja wa bodaboda aliyenijua tangu shule aliita wenzake. "Njooni mwone, mwenye diploma ameajiriwa! Ameajiriwa na vizibo!" Nikamwambia kama ana muda wa kucheka, ana muda wa kuinama. Aliinama. Gunia likajaa robo.

Haikutosha. Nikampigia kaka. Alicheka kwa muda mrefu, nikamwacha amalize, nikamweleza habari ya misumari ya baba.

"Pa redio pamebaki?"

"Pamebaki."

"Na pa koti?"

"Na pa koti, kaka."

Baada ya siku tatu gari la mizigo lilishusha barabarani kwetu gunia lililofungwa kwa kamba ya manila. Kaka alikuwa amewaambia wenye baa wote wa Murongo, na wa ng'ambo pia. Vizibo vya Tanzania na vya Uganda vilikuwa vimechanganyika, bila forodha. Humo ndani aliweka karatasi: "Masika bado nakuja na gari." Hakukubali kirahisi kaka yangu.

Kilichobaki kilikuwa saruji. Nilirudi kwa yule mzee wa duka kuomba mkopo juu ya mkopo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia ukuta umelala."

"Umelala, mzee. Naomba mifuko mingine minne niuamshe."

Alinitazama, kisha akatazama ghala lake kupitia mlango uliokuwa wazi. Nami nikalitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani nikaona kazi ninayoijua kuliko mtu yeyote wilayani. Saruji yake ilikuwa imelala juu ya sakafu tupu. Mifuko ya chini ilikuwa imenyonya unyevu na kugeuka mawe. Mabati mapya yalikuwa mbele, ya zamani nyuma yakishika kutu.

"Mzee," nikasema, "kila mwezi unapoteza saruji kuliko hiyo ninayokuomba. Nipe minne, nami nitakupangia ghala hili. Kila Ijumaa, ukienda msikitini, nitakuwa humu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wewe mwenyewe useme imetosha."

Akampigia kelele mpagazi apakie mifuko minne.

Tulipigilia vizibo kwa wiki mbili. Mimi napigilia, mama ananipa: kizibo, msumari, kizibo, msumari, kila kimoja umbali wa kiganja kutoka kwa mwenzake. Ukuta uling'aa rangi zote. Watoto wa shule walipita kuangalia. Mwinjilisti naye alikuja, akasimama kwa staha mbele ya vizibo vya bia, akakohoa.

"Hivi vyote mmevinywa ninyi?"

"Ni vya majirani, Mwinjilisti," mama akamjibu. "Sisi tunazifunika dhambi zao tu."

Nikapiga plasta. Siku ya nne tulikula mchana masikio yakiwa ukutani. Siku ya tano. Siku ya kumi. Kuku alikuwa anaingia na kutoka kwa amani. Nikapaka chokaa, nikajenga ukingo wa mawe chini ya kuta za nje ili matone ya paa yasirushe maji kwenye udongo, na siku niliyoweka jiwe la mwisho, mawingu yalikuwa yameshasimama juu ya vilima.

Kaka alikuja na gari kama alivyoahidi. Mvua ilimkuta sebuleni, mvua nzito ya alasiri, ile inayofanya watu wazungumze kwa kupiga kelele. Alihamisha kiti chake mara tatu, uso ameuelekeza juu.

"Unatafuta nini, mwanangu?" mama akauliza.

"Panapovuja."

"Ukipapata, niambie. Mimi nimetafuta tangu asubuhi."

Aliondoka kesho yake. Mahali alipopanga kuweka godoro la mama garini, tulimwekea mikungu mitatu ya matoke.

Nilifanya kazi Ijumaa nne zaidi. Niliinua saruji yote juu ya chaga za mikaratusi, nikapanga ya zamani mbele itoke kwanza, nikatundika kitabu mlangoni. Jumamosi iliyofuata yule mzee alitembea ndani ya ghala lake mpaka mwisho na kurudi, jambo ambalo hakuwahi kuweza, kwa kuwa njia haikuwepo. Akachukua karatasi ya deni langu, akaichana. "Imetosha, mwanangu. Jumatatu uje tuzungumze mshahara." Toroli lake nililiacha pale na mpini mpya.

Saa sita nikamrudishia mwinjilisti ngazi yake. Ilikuja kwangu ina vidato viwili vilivyovunjika, ikarudi vyote vizima.

Kwa fundi sikwenda. Yeye alikuja. Tulimwona kutoka kibarazani akiingia njia ya kibanja, shingo imekaza, mkungu mkubwa kichwani, na nyuma yake nusu ya kijiji. Hakuutua hata mara moja, lazima nimsifu. Aliushusha mlangoni, akajifuta jasho, nikampa pimamaji lake. Aliingia nalo ndani, akalisimamisha ukutani, akalitazama, akalihamisha, akalitazama tena. Kisha akanisogelea ili watu wasisikie.

"Vile vizibo vilibaki?"

"Nusu gunia."

"Niazime. Sebule ya kwangu nayo imevua shati."

Nikamwazima. Niliandika kwenye daftari.

Watu walipoondoka nilimletea mama nyundo. Aliigeuza mikononi, akapuliza vumbi kwenye mpini, akaniongoza sebuleni. Katika ukuta ule mweupe, msumari mmoja mpya ulikuwa umechomoza, nami sikuupigilia mimi. Ulikuwa mahali palepale pa zamani, pa nyundo.

"Tundika," akasema. "Nilikuwa nakusubiri umalize kujisifu."